Mafuta, Nkula na Pomadi: Ngozi ya Mama Aliyemaliza Miezi Yake

Wakati wa kiangazi hapa Luena, toka mwezi wa tano mpaka wa nane, upepo wa baridi unakausha kila kitu: majani, midomo, kuta za udongo. Binti wa miaka ishirini anajipaka mafuta asubuhi na inatosha mpaka jioni. Mama wa miaka hamsini anajipaka asubuhi ileile, na kabla ya saa sita miguu yake imeanza kuonyesha mistari meupe, sawa vile mtu aliyefuta ubao wa darasani kwa magoti. Nasema hivyo bila haya kwa sababu mimi mwenyewe nimefika miaka 48, na kiangazi kilichopita ndiyo mara ya kwanza nilijikuna mikono mbele ya wanafunzi wakati wa somo la historia.

Katika vitabu vya desturi zetu tunasoma juu ya ndoa, juu ya kuzaa mapacha, juu ya matanga na juu ya kutawaza wakubwa. Lakini mama ambaye miezi yake imekatika, nani amemwandika? Ni kama vile akimaliza kuzaa anatoka katika historia. Na hata sisi bamama wenyewe tunanyamaza. Neno la kifaransa, menopozi, tunalisema mbele ya munganga tu. Nyumbani tunasema kwa chini: “Miezi imekwisha.” Basi niliwaomba wenzangu wa chama chetu waniachie kurasa chache, nifuate kitu kimoja kidogo ambacho kila mmoja anakiona lakini hakiulizi: mama wa umri huo alitunzaje ngozi yake zamani, nani alimfundisha kuacha, na kumetokea nini alipoacha.

Kwanza mwili wenyewe, kwa kifupi. Kwa wanawake wengi hedhi inakoma kati ya miaka 45 na 55. Homoni inayoitwa estrojeni inashuka, na ngozi ni moja ya fasi zinazosikia haraka. Mafuta yake ya asili yanapungua. Maji hayakai ndani. Ile nyuzi inayoshikilia ngozi, kolajeni, inapungua sana: waganga waliopima wanakadiria karibu asilimia 30 katika miaka 5 ya kwanza tu, halafu asilimia 2 hivi kila mwaka. Ngozi inakuwa nyembamba, kidonda kinachelewa kupona, na mtu anawashwa bila kuona upele. Ongezea yale majoto yanayopanda usoni usiku, jasho linatoka, kisha baridi. Si uchawi, wala si dalili kwamba mume ameleta kitu nyumbani. Ni umri.

Nkambo wangu, mama wa mama, alizaliwa upande wa Lualaba, kule ambako michikichi ni mingi kuliko nyumba. Hakujua neno kolajeni. Lakini aliponiona mtoto nikimwaga maji mengi kwa kuoga aliniambia: “Mwana wangu, maji peke haitoshe. Ngozi ya mama mukubwa inakunywa mafuta sawa vile udongo ya septemba inakunywa mvula.” Baada ya kuoga hakujifuta mpaka akauke. Alijikung'uta tu, halafu akiwa bado na unyevu alichukua mafuta meusi, yale yanayotoka ndani ya kokwa ya ngazi na siyo yale mekundu ya kupikia, akajipaka toka miguu kupanda juu. Yalikuwa na harufu ya moshi. Sisi wajukuu tulicheka. Leo waganga wa ngozi wanafundisha jambo lilelile: paka mafuta wakati ngozi ingali na maji, ili mafuta yafunge mlango maji yasitoke.

Desturi hiyo haikuanza na nkambo. Katika nchi yetu ya Baluba mwili unaong'aa ni jambo la zamani sana na la heshima. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walichimba makaburi mwaka 1957 na 1958, kisha Pierre de Maret akarudi kuchimba kuanzia 1974. Walikuta watu waliozikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita pamoja na vyungu vizuri, mikufu, mikanda na bangili za shaba. Mafuta hayabaki kaburini namna shaba inavyobaki, kwa hiyo siwezi kumwonyesha msomaji chungu cha mafuta ya Sanga. Lakini watu waliovaa hivyo hawakuwa watu wa kudharau miili yao.

Na hadithi yetu kubwa ya mwanzo wa ufalme inasema nini? Inasema Nkongolo Mwamba alikuwa mwekundu, mlevi, mkatili, na watu wanamfananisha na nyoka wa upinde wa mvua. Halafu akaja mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mwenye ngozi nyeusi inayong'aa, mwenye adabu ya kula na kucheka. Akamwoa Bulanda, dada ya Nkongolo, na mtoto wao Kalala Ilunga ndiye aliyeshika utawala. Wanafunzi wangu nawauliza kila mwaka: katika hadithi hii uzuri una rangi gani? Wananyamaza kwanza, halafu wanaanza kutazamana. Kwa sababu nyumbani kwao, juu ya kabati, kuna chupa inayowaambia kinyume.

Pamoja na mafuta kulikuwa na rangi mbili. Moja ni mpemba, udongo mweupe, alama ya baraka na ya usafi wa moyo. Ya pili ni nkula, unga mwekundu unaosagwa kutoka mti mwekundu, unaochanganywa na mafuta. Rangi hizi si za Baluba peke yao. Majirani wa Kasayi waliochonga sanamu za mama zenye ngozi laini walizipaka mafuta, mpemba na nkula, na kwao ngozi nzuri ilikuwa pia alama ya tabia nzuri. Wengi wa watoto wao walikuja kufanya kazi hapa Luena na katika njia ya reli, hivyo desturi zilikutana katika mistari ileile ya kambi.

Niseme zaidi kidogo juu ya nkula, kwa kuwa hapa ndipo damu na ngozi vinakutana. Wandembu wa kaskazini-magharibi ya Zambia, walio watu wa asili ya Lunda, walikuwa na tambiko lililoitwa Nkula hasa, kwa ajili ya mwanamke ambaye hedhi yake imeharibika au mimba hazishiki. Victor Turner, mzungu aliyeishi kwao miaka ya 1950, aliandika habari zake kwa urefu. Mti mkubwa wa tambiko hilo ni mukula, kwa sababu ukikatwa unatoa utomvu mwekundu unaogandamana kama damu. Walitaka damu ya mama igandamane vilevile, iwe mtoto. Sasa tufikiri. Kama rangi nyekundu inamsindikiza mwanamke wakati wa damu, damu ikikoma anabaki na nini? Nkambo hakujipaka nyekundu. Nilimwona na mafuta, na siku za sherehe na mpemba kidogo mikononi. Sitaki kufanya jambo la nyumba yetu kuwa sheria ya kabila, lakini nilipokuja kusoma habari za Wandembu nilikumbuka mikono yake myeupe.

Tena mama wa umri huo hakuwa mtu wa kuwekwa pembeni. Katika makabila mengi ya Afrika ya Kati, wakati wa kuyeyusha chuma, mwanamke mwenye hedhi hakuruhusiwa kukaribia tanuru, lakini msichana mdogo na mama aliyemaliza miezi waliweza kupita. Alikuwa amevuka mpaka. Kwa Baluba, mfalme alipokufa, roho yake iliweza kukaa ndani ya mwanamke aliyeitwa mwadi, na watu walikwenda kumheshimu mwanamke huyo kama mfalme mwenyewe. Na kuna yule mchongaji ambaye wazungu walimpa jina la kijiji cha Buli, kaskazini ya Katanga. Sanamu zake za mama wanaoshika bakuli au kubeba kiti zina uso mrefu, mashavu yameingia, mifupa inaonekana. Ni nyuso za watu wazima waliochoka lakini hawajashindwa. Mtalii anaona uzee. Mimi naona mtu ambaye mchongaji alitumia siku nyingi kumlainisha ngozi, mikunjo yote ikiwemo.

Halafu reli ikafika. Toka Rodezia ilifika Elisabethville mwaka 1910, ikapanda mpaka Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 ikaunganishwa mpaka bandari ya Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui. Luena iko juu ya reli hiyo, na makaa ya mawe yetu ndiyo yaliyoifanya kuwa mji. Lakini gari ya moshi haikubeba makaa tu. Ilileta sabuni ya vipande, vazelini katika vikopo, na baadaye pomadi zenye harufu ya maua.

Sabuni ile ina historia ambayo napenda kuifundisha pole pole. Mwaka 1911 mwingereza William Lever, mwenye sabuni ya Sunlight, alipewa na Wabelgiji haki juu ya maeneo makubwa ya michikichi katika Kongo. Kampuni yake iliitwa Huileries du Congo Belge, na Lusanga ikabatizwa Leverville. Watu walilazimishwa kupanda michikichi na kukata ngazi, na shida hizo ni moja ya sababu za uasi wa Wapende mwaka 1931. Mafuta ya Kongo yalivuka bahari yakawa sabuni. Na sabuni, kazi yake ni kuondoa mafuta! Nkambo zetu walifundishwa kwamba mtu msafi ni yule ambaye ngozi yake haina mafuta hata kidogo, yenye kulia unapoisugua. Kwa kijana haikuwa na shida kubwa. Kwa mama wa miaka hamsini ilikuwa kumnyang'anya kidogo alichobakiwa nacho.

Kuanzia mwaka 1928 hivi Union Minière ilibadilisha siasa yake, ikataka mfanyakazi akae na mke na watoto kambini badala ya kurudi kijijini. Makampuni mengine ya Katanga yalikuwa na desturi zinazofanana. Wake waliingia katika fwaye ambako masista na bibi wa kizungu waliwafundisha kushona, kupika, kuosha mtoto. Mazuri yalikuwepo, nisiyakatae: mama yangu alijua kuchemsha maji ya mtoto kwa sababu ya fwaye, na watoto wengi waliishi. Lakini masomo hayo yalimlenga mama mwenye kuzaa. Mimba, kunyonyesha, kupima kilo. Baada ya mtoto wa mwisho, hakuna somo. Mtu aliyekuwa na sauti katika kijiji akawa kambini ni mama mkwe tu, mgeni katika nyumba ya mposho wa mtoto wake. Sijui kama watu wa leo wanasikia ukubwa wa jambo hili. Maarifa ya kumtunza mama huyo yalikuwa mikononi mwa bibi wenzake, na bibi wenzake walibaki kijijini.

Pale palipokuwa wazi pomadi za kubadili rangi zikaingia. Toka miaka ya 1960 zilitangazwa sana katika Afrika nzima, na moja yao, Ambi, ilijulikana mpaka jina lake likatumika kwa zote. Ndani ya pomadi za namna hiyo kuna vitu vya aina tatu. Zebaki, inayoharibu figo. Hidrokinoni, ambayo ikitumiwa miaka mingi inaweza kuleta madoa ya buluu-nyeusi juu ya mashavu. Waganga wa Afrika ya Kusini waliandika habari zake mwaka 1975, na nchi hiyo ikapiga marufuku pomadi hizo kwa sheria ya mwaka 1990. Ya tatu ni dawa za nguvu za jamii ya kortizoni, kama klobetasoli, ambazo munganga anatoa kwa ugonjwa wa ngozi kwa siku chache, lakini sokoni zinauzwa za kupaka mwili mzima kila siku. Kazi yake ikizidi ni kupunguza unene wa ngozi.

Msomaji aweke mambo mawili hayo pamoja. Umri unapunguza ngozi. Pomadi inapunguza ngozi. Mama anaanza kuona madoa na mikunjo akiwa na miaka 49, anaogopa mume atatazama fasi ingine, anakwenda sokoni, na anauziwa kitu kinachoharakisha kile alichokuwa anakikimbia.

Mama mdogo wangu alifanya hivyo kwa miaka karibu ishirini. Sikumlaumu wakati ule, hata mimi nilikuwa nikimsifu kwamba “anang'aa”. Pomadi yake ilikuja katika chupa isiyo na jina, iliyochanganywa na mtu. Alipokuwa na miaka 56 alipasuliwa tumbo katika lupitalo fulani. Kazi ilifanyika vizuri. Lakini ngozi haikushika nyuzi. Muuguzi alituonyesha: sindano ilipopita, ngozi ilipasuka kama karatasi iliyolowa. Kidonda kilikaa wazi miezi minne. Usiku tulimgeuza kwa shuka ili asiumie, na harufu ya chumba kile siisahau. Siku moja akaniambia: “Mwana, nilikuwa nanunua ule ugonjwa kwa franka yangu mwenyewe, kila juma.” Alipona. Anaishi. Mikono yake mpaka leo inatoka damu akigusa ukingo wa meza.

Baada ya hapo ndipo nilianza kuuliza habari za mafuta ya nkambo. Sitaki msomaji afikiri nasifu zamani yote. Chale za ngozi, zile ntapo zilizokuwa kama maandishi juu ya tumbo la mama wa Kiluba, zilikuwa na maana kubwa ya kumbukumbu, lakini chuma kilekile kikipita toka mtu mmoja kwa mwingine kinaweza kupeleka ugonjwa, na sitamshauri mtu kurudi huko. Mafuta mekundu yanaharibu nguo na hayazuii jua kali. Mpemba inakausha. Na nkula ya leo? Mti wa mukula umekatwa vibaya sana kusini ya Katanga na Zambia katika miaka ya 2010, mbao zikipelekwa China, mpaka mwaka 2019 ukaingizwa katika orodha ya kimataifa ya miti ambayo biashara yake inasimamiwa. Anayekuuzia unga mwekundu sokoni, muulize ni nini kwanza.

Mafuta ya kokwa ya ngazi, hayo nayatetea. Yakiwa safi, hayajachacha, yanafanya kazi. Yakikosekana, vazelini ya kawaida isiyo na harufu inatosha, tena ni ya bei ndogo kuliko pomadi za matangazo. Kupata mafuta hayo hapa imekuwa vigumu zaidi kuliko zamani. Mwaka 1992 na 1993, wakati ndugu wa Kasayi walipofukuzwa Katanga na gari za moshi zikapita hapa zimewajaza mpaka juu kwenda Kamina na Mwene-Ditu, waliondoka pia bamama waliotengeneza na kuuza mafuta hayo. Soko letu lilipoteza jirani na likapoteza dawa ya ngozi siku ileile. Hilo halimo katika kitabu chochote nilichofundishia.

Bamama wa umri wangu wananiuliza wafanye nini, nami si munganga, nasema tu yale niliyothibitisha kwa waganga na kwa mwili wangu. Maji ya vuguvugu, siyo ya moto sana. Sabuni kwa makwapa, miguu na fasi za siri kwa nje, siyo mwili mzima mara tatu kwa siku. Mafuta ndani ya dakika chache baada ya kuoga. Kitambaa kichwani na kivuli saa sita, kwa sababu hata ngozi nyeusi inachomwa. Maji ya kunywa. Tumbako, hapana. Na kwa aliye katika pomadi ya kujichubua miaka mingi: usiiache yote kwa siku moja kwa hasira, maana ngozi inaweza kuwaka na hata mwili kulegea; mpelekee munganga chupa yenyewe, umwambie ukweli wa miaka. Kama unangojea kupasuliwa, mwambie kabla. Mama mdogo wangu hakusema, kwa haya.

Kuhusu zebaki, nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ziliamua mwaka 2023 kwamba pomadi zote zenye zebaki zikomeshwe ifikapo 2025. Uamuzi mzuri, umeandikwa vizuri. Pomadi zinashuka kutoka gari ya moshi usiku, na mkataba haupandi gari ya moshi.

Mwezi wa saba uliopita mama mdogo alikuja kukaa kwangu kwa juma mbili. Alileta chupa ndogo, nyeusi, iliyofungwa kwa kipande cha nailoni. Kuna mama mmoja upande wa Bukama ambaye bado anakaanga kokwa. Asubuhi alioga, akajikung'uta, akaanza kwa miguu. Binti yangu wa miaka 16 alisimama mlangoni akaziba pua, akacheka, halafu akauliza kama inafaa pia kwa midomo.